Chungulia Chungu cha Februari

Wapwa zangu wa kambi ya Dzaleka, na ninyi wa Biwi kule Lilongwe mnaoniita amalume, yaani mjomba, sogeeni hapa. Leo nimeletewa swali zuri.

"Mjomba, ukichukua tarehe ya leo ukaongeza miezi mitatu, unafika lini?"

Mtoto anayeuliza hivyo ana akili isiyopenda kukaa kitako. Watu wazima wengi hawaulizi. Wanasema "miezi mitatu", wanapeana mikono, kila mmoja anakwenda zake na tarehe yake kichwani. Siku ikifika, kelele. Wewe umeuliza kabla ya kelele. Hongera, mwanangu.

Tena hapa kwetu swali hilo lina kazi nyingi. Mtoto amezaliwa, naye atapata chanjo ya surua akitimiza miezi tisa. Mama amekopa banki mkhonde, kile kikundi cha akiba ambacho wanawake wa Malawi hukutana wakawekeana na kukopeshana. Atarudisha baada ya mwezi mmoja. Baba amepanda mahindi na mvua za kwanza, naye anataka kujua lini gunia litarudi nyumbani. Na tarehe za mwisho mnazijua vizuri kuliko watoto wengi. Mwaka 2021, na tena mwaka 2023, serikali ilitangaza kwamba wakimbizi wanaoishi nje ya kambi warudi Dzaleka, na kila tangazo lilikuja na tarehe yake. Familia zilizokuwa na maduka Lilongwe zilikaa chini zikahesabu. Kuhesabu tarehe ya mbele, basi, si mchezo wa darasani peke yake.

Tuanze na kilicho rahisi.

Miezi ni kumi na miwili. Rafiki yako wa Biwi anasema Januwale, Febuluwale, Malichi. Majina matamu, lakini jaribu kujumlisha Malichi na tano! Haijumlishiki. Ila nyumbani kwenu mama husema mwezi wa kwanza, mwezi wa pili, mwezi wa tatu. Hapo mambo ni mepesi. Tatu na tano ni nane. Miezi mitano baada ya mwezi wa tatu ni mwezi wa nane, yaani Agosti. Na tarehe haiguswi. Ukianza tarehe 10 Machi, unafika tarehe 10 Agosti. Umemaliza, na vidole vyako bado vina nafasi.

"Mjomba, na miezi ikizidi kumi na miwili?"

Nilijua utauliza. Unatoa 12, na mwaka unapanda mmoja. Tuseme leo ni tarehe 14 Oktoba 2025, na mtu amekuambia miezi saba. Oktoba ni mwezi wa kumi. Kumi na saba ni 17. Toa 12, inabaki 5. Mwezi wa tano ni Mei, na mwaka umepanda. Jibu ni tarehe 14 Mei 2026.

"Na ikiwa ni miezi thelathini?"

Thelathini! Wewe una safari ndefu. Haya. Kumi na 30 ni 40. Toa 12, inabaki 28. Toa tena, inabaki 16. Toa tena, inabaki 4. Umetoa mara tatu, kwa hiyo mwaka umepanda mara tatu. Ni tarehe 14 Aprili 2028. Ukibaki na 12 kamili, usitoe tena, maana hiyo ni Desemba. Ukitoa utapata sifuri, na mwezi wa sifuri haupo hata kwenye kalenda ya ukutani kwa mwenye duka.

Namba ikiwa kubwa mno, gawanya. Dzaleka, pale palipokuwa gereza, palifanywa kambi ya wakimbizi mwaka 1994. Ongeza miezi 360. Gawanya kwa 12, unapata miaka 30 bila salio. Umefika 2024. Kaka zenu wakubwa waliozaliwa kambini mwanzoni kabisa walitimiza umri huo mwaka huo.

Sasa mnadhani tumemaliza. Mmoja ameshaanza kuinuka akacheze mpira. Kaa kwanza. Ugumu ndio unaanza, na ugumu una hadithi yake.

Hadithi, hadithi!

"Hadithi njoo!"

Hapo kale alikuwapo Bibi Mwaka. Uani kwake palikuwa na vyungu kumi na viwili, vimepangwa duara. Kila asubuhi Bibi Mwaka alitia kikombe kimoja cha maji. Kikombe kimoja, siku moja. Chungu kikijaa, alihamia cha jirani. Akikamilisha duara, aliviinamisha vyote, akaanza upya. Ukitaka kujua tarehe, ulichungulia chungu alichokuwa anakijaza. Vikombe kumi na vinne ndani ya chungu cha Oktoba? Basi leo ni tarehe 14 Oktoba.

Lakini vyungu vile havikuwa na kimo kimoja. Saba vilichukua vikombe 31. Vinne vilichukua vikombe 30. Na kimoja, kifupi, kilichukua vikombe 28 tu.

"Mjomba, nitakumbukaje kipi ni kipi?"

Kunja ngumi. Kidole gumba usikihesabu. Tazama vifundo vinne vilivyojitokeza, na vibonde vitatu katikati yake. Weka Januari juu ya kifundo cha kwanza. Februari ndani ya kibonde. Machi kifundo. Aprili kibonde. Mei kifundo. Juni kibonde. Julai kifundo cha mwisho. Vifundo vimekwisha, rudi kile cha kwanza, anza tena: Agosti kifundo, Septemba kibonde, Oktoba kifundo, Novemba kibonde, Desemba kifundo. Kila kifundo ni 31. Kila kibonde ni 30, isipokuwa kile cha Februari. Mkono wako hauhitaji chaji wala vocha.

Basi vyungu virefu vikawa vinakicheka kile kifupi. Siku moja kikachoka, kikasema.

"Msinicheke. Sikujifinyanga mwenyewe. Mimi nimetoka Roma. Warumi wa kale waliuanza mwaka kwa Machi, nikawa wa mwisho kwenye foleni. Wa mwisho hupata kilichobaki. Kisha Julius Caesar akaipanga kalenda upya, nayo ikaanza kutumika mwaka 45 kabla ya Kristo. Majirani zangu kadhaa wakaongezewa siku. Mimi nikaachiwa 28 zangu. Nilichopewa ni kikombe kimoja cha ziada kila baada ya miaka mitatu, mwaka wa nne."

"Chungu," akauliza mtoto mmoja, "si wanasema mfalme Augustus alikuibia siku akaipa Agosti?"

"Wanasema. Si kweli. Agosti ilipewa jina la Augustus mwaka 8 kabla ya Kristo, nayo ilikuwa na 31 zake tayari. Mimi nilikuwa na 28 kabla ya Augustus, na kabla ya Caesar pia. Watu hupenda mwizi ndani ya hadithi. Na nikuambie jambo jingine. Mimi peke yangu ndiye ninayegawanyika kwa wiki bila kubaki kitu. Wiki nne kamili. Tarehe 1 Februari 2026 ni Jumapili, na tarehe 1 Machi 2026 nayo ni Jumapili. Nani mwingine anaweza?"

Vyungu virefu vikanyamaza.

Kikombe kile cha ziada ndicho kinachofanya mwaka mrefu, wenye siku 366. Mwaka 2024 ulikuwa mrefu. Mwaka 2028 nao utakuwa mrefu. Kanuni yake ina kona moja iliyowekwa na Papa Gregori wa Kumi na Tatu mwaka 1582: miaka ya mwisho wa karne haiongezwi, mpaka igawanyike kwa 400. Kwa hiyo 2000 ulikuwa mrefu, lakini 2100 hautakuwa. Wajukuu zenu watawauliza, mjibu.

Sasa shikeni kanuni yetu. Ina sehemu tatu. Hesabu miezi, shika tarehe, chungulia chungu. Semeni pamoja: hesabu miezi, shika tarehe, chungulia chungu! Ile sehemu ya tatu ndiyo watu huisahau.

Leo ni tarehe 31 Januari. Mama amekopa banki mkhonde. Mwenyekiti anasema, "Utarudisha baada ya mwezi mmoja." Hesabu miezi: moja na moja ni mbili, Februari. Shika tarehe: 31. Chungulia chungu...

"Mtanimwagia!" kikalia kile chungu kifupi. "Mimi ni wa 28!"

Kweli. Ukitia vikombe 31, vitatu vinamwagika. Tarehe 31 Februari haipo. Haijapata kuwapo. Hayo maji yaliyomwagika tuyafanye nini?

Hapo, wanangu, dunia nzima imegawanyika, na watu wenye akili wamechukua njia tatu.

Wa kwanza wanasema: chungu kikijaa, kimejaa. Yaliyomwagika yaache. Simama kwenye kikombe cha mwisho. Jibu lao ni tarehe 28 Februari, au 29 kama mwaka ni mrefu. Programu ya Excel, ile ya majedwali ya hesabu, inafanya hivyo. Ina kanuni yake iitwayo EDATE. Ukiipa 31 Januari 2026 na mwezi mmoja, inakurudishia 28 Februari.

Wa pili wanasema: maji hayatupwi. Vikombe vitatu vilivyomwagika vipelekwe chungu cha jirani. Jibu lao ni tarehe 3 Machi. Lugha ya programu iitwayo JavaScript hufanya hivi, kama mwandishi wa programu hakuwa macho. Vijana wa Dzaleka wanaojifunza kuandika programu, hili liwekeni masikioni.

Wa tatu wanasema: hatupimi yaliyomwagika. Chungu hiki kimetushinda, twende kinachofuata, tuanze kikombe cha kwanza. Jibu lao ni tarehe 1 Machi. Wataalamu wa chanjo wa CDC, taasisi ya afya ya Marekani, walichagua njia hii walipoandika kanuni za kompyuta za kuhesabu siku ya chanjo.

"Mjomba, sasa nani ana haki?"

Swali lako lina thamani ya mbuzi mzima. Inategemea mwezi huo ni wa kazi gani.

Tazama chanjo. Mtoto amezaliwa tarehe 31 Mei. Nchini Malawi, chanjo ya surua hutolewa mtoto akiwa na miezi tisa, kisha miezi 15. Mei ni 5, ongeza 9, unapata 14. Toa 12, inabaki 2. Februari tena! Shika tarehe 31, chungulia chungu, maji yanamwagika. Turudi nyuma 28 Februari, au twende mbele 1 Machi? Mtoto mchanga bado ana kinga aliyoipata kwa mama yake tumboni. Kinga hiyo ikiwa bado ina nguvu, inaweza kuizuia chanjo isifanye kazi yake. Ndiyo maana chanjo hii inasubiri. Basi ukikosa tarehe kamili, afadhali uende mbele kidogo kuliko kuwahi. Wale wa CDC walikuwa na sababu yao. Ila mama asikose usingizi kwa siku moja au mbili. Ampeleke mtoto siku ya kliniki, na kijitabu chake mkononi.

Sasa tazama mkopo. Hapo mimi ni wa njia ya kwanza, na nitawaambia kwa nini. Chukua njia ya pili, ile ya kupeleka maji kwa jirani. Mama Biwi amekopa tarehe 31 Januari. Mama Dzaleka amekopa kesho yake, tarehe 1 Februari. Wote wawili wamepewa mwezi mmoja. Mama Dzaleka atarudisha lini? Tarehe 1 Machi. Mama Biwi atarudisha lini? Tarehe 3 Machi. Umeona? Aliyekopa mwanzo anarudisha mwisho! Aliyechelewa kukopa ametangulia kulipa. Mambo gani hayo? Ukitumia njia ya kwanza, Mama Biwi analipa 28 Februari, Mama Dzaleka 1 Machi, na foleni inabaki foleni.

Mkifikiri haya ni mambo madogo, sikilizeni kilichotokea Uingereza. Mpangaji mmoja wa jengo la biashara alipewa notisi na mwenye nyumba tarehe 30 Septemba 1978. Sheria ilimpa miezi minne apeleke ombi lake mahakamani. Yeye akawaza hivi: 30 Septemba ni siku ya mwisho ya mwezi. Kwa hiyo miezi minne itaisha siku ya mwisho ya Januari. Akapeleka ombi tarehe 31 Januari 1979.

Mnaonaje? Amewahi au amechelewa?

Tumieni kanuni. Hesabu miezi: 9 na 4 ni 13, toa 12, Januari. Shika tarehe: 30. Chungulia chungu: Januari ni kirefu, 30 inaingia bila taabu. Jibu ni tarehe 30 Januari. Yule bwana amechelewa siku moja.

Kesi ilipanda ngazi zote mpaka kwa majaji wa juu kabisa wa Uingereza, nao wakaamua mwaka 1981. Walisema kama mlivyosema ninyi. Tarehe hushikwa ileile. Haijalishi kama ulianzia kwenye chungu kilichojaa au kisichojaa. Njia ya siku ya mwisho ya mwezi hutumika pale tu tarehe yenyewe inapokosekana. Miaka zaidi ya miwili ya mawakili, kwa jambo ambalo mtoto wa Dzaleka amelimaliza kwa kukunja ngumi! Na jambo hilo linatuhusu. Malawi ilikuwa chini ya Uingereza mpaka tarehe 6 Julai 1964, na sehemu kubwa ya sheria zake ilirithiwa kutoka huko.

"Mjomba, mimi nimeona kitu."

Sema, mama.

"Mkopo ukilipwa kila mwezi, tarehe 31 ikishuka ikawa 28, itapanda tena?"

Haya! Huyu mumpe kiti. Hilo swali huwashinda makatibu wa vikundi.

Mama amekopa 31 Januari, atalipa kidogo kidogo kila mwezi. Katibu wa kwanza anahesabu kutoka malipo yaliyopita. Kutoka 31 Januari anapata 28 Februari. Kutoka 28 Februari anapata 28 Machi. Kutoka hapo 28 Aprili, 28 Mei. Tarehe imeshuka, haipandi tena. Chungu kifupi kimewapunguza wote.

Katibu wa pili kila mara anarudi mwanzo. Mwezi mmoja kutoka 31 Januari ni 28 Februari. Miezi miwili kutoka 31 Januari ni 31 Machi. Miezi mitatu ni 30 Aprili. Miezi minne ni 31 Mei. Tarehe inashuka chungu kikiwa kifupi, inapanda kikiwa kirefu.

Makatibu wawili, daftari mbili, mkopo mmoja, na kuanzia Machi hawapatani. Mimi nitampa kazi yule wa pili. Mwambieni mama aulize: "Tunahesabu kutoka wapi?" Aulize siku ya kukopa, siyo siku ya kulipa.

Kuna neno lingine la kuangalia. Siku. Wakubwa wengi husema miezi mitatu na siku 90 ni kitu kimoja. Hebu tuvichungulie vyungu.

Anza tarehe 1 Januari, mwaka wa kawaida. Miezi mitatu inakupeleka 1 Aprili. Umevipita vyungu vya 31, 28 na 31. Jumla ni 90. Sawa, hapo wakubwa wamepata. Anza 1 Februari mpaka 1 Mei: 28, 31 na 30, jumla 89. Anza 1 Aprili mpaka 1 Julai: 30, 31 na 30, jumla 91. Anza 1 Julai mpaka 1 Oktoba: 31, 31 na 30, jumla 92. Miezi ni mitatu ileile, lakini siku ni 89, 90, 91 au 92. Kwa hiyo karatasi ikisema siku, hesabu vikombe kimoja kimoja. Ikisema miezi, hesabu vyungu.

Mahindi hayajui miezi. Yanajua siku, jua na mvua. Mbegu ya siku 120 iliyopandwa tarehe 20 Novemba inafika 20 Machi: vikombe kumi vilivyobaki vya Novemba, 31 vya Desemba, 31 vya Januari, 28 vya Februari, na 20 vya Machi. Jumla 120 kamili. Miezi minne na siku 120 zimekutana, kwa sababu tu chungu kifupi kilikuwa njiani. Mwaka ukiwa mrefu hazikutani. Zinapishana siku moja. Na mvua za Dowa, wilaya ilipo Dzaleka, zikichelewa mpaka Desemba, sogeza mwanzo, uhesabu tena.

Wiki ndizo zisizo na matata. Chanjo kadhaa za mwanzo za mtoto huhesabiwa wiki 6, wiki 10, wiki 14. Wiki 14 ni siku 98 popote utakapoanzia. Akizaliwa Jumanne, wiki 14 zitatimia Jumanne. Aliyepanga hivyo alituhurumia.

"Mjomba, na mwezi wa Ramadhani?"

Huo una vyungu vyake. Majirani zetu Waislamu huhesabu mwezi wa angani, nao ni wa siku 29 au 30, hauzidi hapo. Vyungu kumi na viwili vya namna hiyo hujaa kwa siku 354 au 355. Ndiyo maana Ramadhani kila mwaka inarudi nyuma siku kama kumi au kumi na moja kwenye kalenda ya ukutani. Mjane wa Kiislamu asiye mjamzito hukaa eda miezi minne na siku kumi, na hiyo miezi minne ni ya mwezi wa angani. Kalenda ya duka haimsaidii. Mtu akikuambia miezi minne, basi, unaruhusiwa kumuuliza kwa adabu: "Ya mwezi upi, mzee?"

Nawaachia fumbo moja. Mpangaji wa chumba Biwi ameletewa karatasi tarehe 30 Novemba 2027. Imeandikwa: "Uhame baada ya miezi mitatu."

Hesabu miezi: 11 na 3 ni 14, toa 12, Februari 2028. Shika tarehe: 30. Chungulia chungu...

"Yanamwagika! Tarehe 28 Februari!"

Umekaribia. Mwaka gani nimesema?

"Elfu mbili na ishirini na nane. Ni mwaka mrefu! Tarehe 29!"

Tarehe 29 Februari. Na kama mwenye nyumba angeandika siku 90?

Watoto wakaweka vikombe. 31 vya Desemba. 31 vya Januari, vinafika 62. Vinabaki 28.

"Tarehe 28, mjomba. Angehama siku moja mapema."